Akiba ya Miguu

Katika lugha yetu mchezaji asiyelipwa huitwa mchezaji wa ridhaa. Nimelipenda neno hilo tangu nilipoanza kufundisha, kwa sababu linasema jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Mkimbiaji wa ridhaa hakuajiriwa na mtu, wala hakuna atakayemkata mshahara asipotokea. Ameamka saa 11 alfajiri, akafunga kamba za viatu gizani na kutoka, kwa kuwa ameridhia kutoka. Sisi tusiokimbia humwona siku moja tu, siku ya mashindano, tukasimama kando ya barabara na kumpigia makofi. Kazi iliyomfikisha pale hatuioni.

Katika insha hii nataka kuzungumzia sehemu ndogo ya kazi hiyo, yaani wiki chache za mwisho kabla ya marathoni. Historia ya mbio hizi nimeisoma kwa miaka mingi, na katika chuo cha ualimu nilichokiongoza nilimwona mtu akizipitia wiki hizo karibu yangu. Nimefikia imani moja. Wiki za mwisho hazimpi mkimbiaji nguvu mpya. Kazi yake ni kuilinda ile aliyokwisha kuiweka. Ni jambo rahisi kulisema, lakini kulitenda ni kugumu, na wako walioumia kwa kutolitenda.

Marathoni ya kwanza ya Olimpiki ilikimbiwa Ugiriki mwezi Aprili 1896, umbali wa kilometa 40 hivi, kutoka mji wa Marathon hadi Athens. Kilometa 42.195 tunazozijua leo zilianzia katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908. Aliyeshinda mwaka 1896 ni Spiridon Louis, kijana wa Marousi ambaye kazi yake ilikuwa kuchukuza maji. Wagiriki walifanya mbio mbili za mchujo katika wiki zilizotangulia, na katika ule wa pili Louis alikuwa wa tano tu. Siku ya mashindano yenyewe alimaliza kwa saa 2, dakika 58 na sekunde 50, mbele ya wote. Fikiria, msomaji, watu waliokimbia umbali ule kwa kushindana mara mbili ndani ya muda wa mwezi mmoja! Siku hizo hakuna aliyejua mwili unahitaji muda gani kupumzika. Kila mtu alijiandaa kwa kadiri alivyojaliwa.

Elimu ilikuja polepole, na sehemu kubwa ililetwa na watu wa ridhaa waliojifanyia majaribio wenyewe. Emil Zátopek, mwanajeshi wa Chekoslovakia, alizoea kukimbia mita 400 kwa kasi, kisha mita 200 taratibu, akarudia hivyo mara nyingi kuliko alivyodhani yeyote kuwa inawezekana. Mwaka 1952 huko Helsinki alishinda mita 5,000 na mita 10,000, kisha akaingia marathoni, mbio ambazo hakuwa amezikimbia hata mara moja maishani mwake, akashinda nazo. Watu walisema ni maajabu. Kwa mtu aliyeyajua mazoezi yake, maajabu hayakuwapo. Ghala lilikuwa limejaa, na siku ile alilifungua tu.

Huko New Zealand, Arthur Lydiard, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, alitafuta kipimo kilicho sawa kwa kukimbia yeye mwenyewe, wiki nyingine kidogo mno na wiki nyingine kupita kiasi. Mwishowe aliwataka wanafunzi wake wakimbie kiasi cha kilometa 160 kwa wiki katika miezi ya kujenga msingi, na mbio zinapokaribia wapunguze. Katika Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960 wanafunzi wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walipata dhahabu, na Barry Magee akawa wa tatu katika marathoni. Ni marathoni ileile aliyoshinda Abebe Bikila wa Ethiopia, askari wa gadi ya Mfalme Haile Selassie, akikimbia pekupeku. Dunia iliitazama miguu yake. Ingefaa pia kuitazama milima ya kwao aliyoipanda na kuishuka kabla hajafika Roma.

Hapa ndipo linapokuja neno la wahenga, kwamba akiba haiozi. Mwili wa mkimbiaji una akiba za namna mbili. Ya kwanza ni ya miezi na miaka, yaani moyo uliopanuka na misuli iliyozoea kazi. Hii hujengwa taratibu na hubomoka taratibu. Ya pili ni ya siku chache, nayo ni sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini. Akiba hii hutosha kiasi cha kilometa 30, na ikiisha mkimbiaji hujiona kama amegonga ukuta. Wiki za mwisho hazitoshi kuijenga ile ya kwanza. Zinatosha sana kuiharibu, kwa kuuchosha mwili usipate nafasi ya kujitengeneza.

Lakini mtu wa ridhaa ana hofu zake. Hana kocha wa kumwambia imetosha, na moyo wake unamsuta: je, kweli ninaweza? Mfano mzuri ni Kathrine Switzer, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Syracuse, Marekani. Mwalimu wake, Arnie Briggs, alikuwa msambaza barua wa chuo hicho aliyekwisha kukimbia marathoni ya Boston mara nyingi, na hakuamini kwamba mwanamke anauweza umbali ule. Walikubaliana kwamba binti akiuthibitisha mazoezini, atampeleka Boston. Wiki tatu kabla ya mbio waliumaliza umbali wote, kisha binti akapendekeza waongeze maili 5 nyingine. Waliongeza, na aliyezimia mwishoni ni mwalimu! Tarehe 19 Aprili 1967 Switzer alikimbia Boston akiwa na namba 261 kifuani. Ofisa mmoja wa mashindano alijaribu kumnyang'anya namba hiyo njiani, lakini alimaliza. Wanawake waliruhusiwa rasmi katika mbio hizo mwaka 1972.

Ukimwuliza kocha wa leo, atakuambia maili 31 kwa siku moja, wiki tatu kabla ya mbio, ni nyingi mno. Ni kweli, miguu haikuongezewa kitu siku ile. Kilichopatikana ni ushahidi, na Switzer aliuhitaji kuliko mwanamume yeyote aliyesimama naye kwenye mstari, maana wao hawakutakiwa kuthibitisha lolote. Kila mkimbiaji wa ridhaa hutafuta ushahidi wa namna hiyo. Hatari ni kuutafuta mara kwa mara, hadi siku ya mbio ikukute huna kitu.

Sisi walimu tunaijua hatari hiyo vizuri. Mtahiniwa aliyesoma mwaka mzima hukosa usingizi wiki ya mtihani, akakesha na taa ya chemli akipekua madaftari yaleyale. Asubuhi huingia chumba cha mtihani macho mekundu, na alichokijua jana leo hakipati. Hakukosa elimu. Amekosa kuiamini.

Mwaka 2006 chuoni kwetu alikuwapo mkufunzi wa elimu ya michezo, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyejiandikisha kukimbia marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 2003. Alijiandaa tangu Septemba. Ratiba yake aliibandika ukutani katika chumba cha walimu, na kila Jumatatu tuliona kilometa za wiki iliyopita zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Wanachuo walimzoea. Wengine walikuwa wakimfuata kwa baiskeli wakimbebea maji.

Zikiwa zimebaki wiki nne, malaria ilimshika. Alilala siku kumi. Alipoinuka suruali zilikuwa zinampwaya, na siku mbili baadaye nilimkuta mbele ya ile ratiba akiandika upya. Jumamosi ileile alitaka kukimbia kilometa 32.

"Shikamoo, Mkuu. Nimepoteza siku kumi," aliniambia. "Lazima nizifidie."

"Marahaba. Utazifidia kwa nini, Mwalimu? Una nini cha kulipia?"

Alinyamaza. Nilimwomba aje nyumbani jioni, na baada ya chakula nilimsimulia habari ya Bikila ambayo haisimuliwi sana kama ile ya miguu mitupu. Septemba 1964, wiki kama tano kabla ya marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, Bikila alipasuliwa kutolewa kidole tumbo. Wengi hawakutazamia kwamba angekimbia. Tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii na viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, zaidi ya dakika 4 mbele ya aliyemfuata. Akawa mtu wa kwanza kuitwaa marathoni ya Olimpiki mara mbili. Nikamsimulia pia habari ya Joan Benoit wa Marekani, aliyefanyiwa upasuaji wa goti tarehe 25 Aprili 1984, na siku 17 baadaye akashinda mbio za kuchagua timu. Agosti mwaka huohuo alishinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki, huko Los Angeles.

Kijana alichangamka. "Basi na mimi naweza!"

Nilimwambia asikimbilie fundisho hilo. Habari hizi zikisimuliwa kama miujiza huwadanganya watu, wakadhani dhamiri kali inatosha kuushinda ugonjwa. Mimi nazisoma kama hesabu ya duka. Bikila hakushinda kwa sababu ya wiki tano zile, wala Benoit kwa siku 17. Walishinda kwa miaka iliyotangulia, na walipolazimika kupumzika, mapumziko hayakuinyang'anya miguu yao kile ilichokwisha kupata. Tena walikuwa na matabibu pembeni. "Wewe nenda kwanza kwa daktari," nilimwambia. "Akikuruhusu, tembea, halafu kimbia kidogo. Usitafute kurudishiwa siku kumi. Zimekwenda. Ziko za tangu Septemba hadi ulipougua."

Alikwenda hospitali ya wilaya akapimwa, akaruhusiwa kwa masharti. Zile kilometa 32 hakuzikimbia. Najua zilimkera, maana kila siku alipita mbele ya ratiba yake bila kuigusa, na kwa mtu wa bidii kukaa bure ni adhabu. Moshi alimaliza kwa saa 4 na dakika 26. Alikuwa ametumaini kupungukia saa 4, na hakuificha huzuni yake. Lakini alimaliza akiwa mzima, na Jumatatu tulimwona akishuka ngazi za bwalo kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja, wanachuo wakimshangilia.

Nimalizie na mtu wa nyumbani. Watanzania wengi wanalijua jina la John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, alianguka na kuumia goti kabla ya nusu ya njia. Bikila mwenyewe aliacha mbio siku hiyo kwa sababu ya maumivu. Akhwari hakuacha. Alifika uwanjani jioni, mguu umefungwa bandeji, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, na wa mwisho. Uvumilivu ule ulistahili kusifiwa, na umesifiwa duniani kote.

Linalonisikitisha ni kwamba hadithi yetu huishia hapo. Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni tena. Mshindi alikuwa Ron Hill wa Uingereza, mtaalamu wa kemia ya nguo aliyekuwa na desturi ya kwenda kazini na kurudi mbio. Hill alikuwa miongoni mwa wakimbiaji wa kwanza kujaribu ule mpango wa chakula uliotokana na utafiti wa Waswidi, wa kuijaza misuli wanga siku za mwisho. Alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 28. Na Akhwari? Alikuwa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Muda huo ni pungufu ya ule uliompa Bikila dhahabu ya Roma miaka kumi kabla.

Watoto wetu wanafundishwa kwamba Akhwari ni yule aliyefika wa mwisho. Wachache wanaambiwa kwamba aliyeanguka Mexico alikuwa mmoja wa wakimbiaji hodari wa zama zake, na kwamba wa tano wa Edinburgh hapatikani kwa moyo peke yake. Tumeyapenda maumivu yake tukayasahau mazoezi yake. Kwa kufanya hivyo tunawaambia vijana kwamba siku ya shida ushujaa hujitokeza wenyewe. Haujitokezi. Huwekwa kidogo kidogo asubuhi zisizo na mtazamaji, na ukishawekwa, mtu anatakiwa awe na imani ya kutosha kuuacha utulie hadi siku yake.