Jiji na Kiunga: Kwa Nini Kisumu Ni Jiji na Ruiru Bado

Ni desturi ya vitabu vya kumbukumbu kama hiki kuhesabu miaka ya hekalu, vyumba vilivyoongezwa na majina ya wafadhili. Hayo wengine wameyaandika vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nimeona niandike juu ya mji uliolilea hekalu letu, yaani Kisumu, na juu ya swali ambalo vijana wetu huuliza mara kwa mara: ni kitu gani hasa kinachoufanya mji uitwe jiji?

Tuanze na hesabu, maana mfanyabiashara haachi hesabu. Sensa ya mwaka 2019 iliikuta Kisumu ikiwa na watu 397,957. Sensa hiyo hiyo iliikuta Ruiru, iliyo kaskazini-mashariki mwa Nairobi katika Kaunti ya Kiambu, ikiwa na watu 490,120. Kwa wingi wa watu, Ruiru ilikuwa ya nne nchini Kenya, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Hata Eldoret, yenye watu 475,716, ilikuwa chini yake. Hata hivyo Kisumu ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2001, Nakuru mwaka 2021 na Eldoret mwaka 2024. Ruiru ni manispaa mpaka leo, na sijamsikia mkazi wake akiiita jiji. Ukimkuta mtu wa Ruiru huku kwetu na kumwuliza atokako, aghalabu atakujibu, “Nairobi.”

Wengine watasema kwamba ni suala la sheria tu. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilitaka jiji liwe na watu wasiopungua 500,000. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliteremsha kiwango hicho hadi 250,000. Kwa kipimo hicho Ruiru imepita kwa mbali, karibu mara mbili. Lakini sheria hiyo haikuishia kwenye vichwa vya watu. Inataka pia mpango wa maendeleo, uwezo wa kukusanya mapato, huduma za kutosha na utaratibu wa kuondoa taka. Watunga sheria walijua kwamba penye wengi pana mengi, lakini wingi peke yake haujawa jiji.

Tuitazame historia ya Ruiru kwa haki. Enzi ya ukoloni palikuwa mahali pa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge, penye reli ya kuelekea Thika, na utafiti wa kahawa nchini uliwekwa hapo. Baada ya uhuru, mashamba mengi yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wanahisa, yakagawanywa vipande vipande. Kahawa ilipopungua faida, kiwanja kikawa na thamani kuliko mti. Mwaka 2009 Ruiru ilikuwa na watu 238,858. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2012, nyumba za kupanga zilipanda ghorofa juu ya ghorofa, na katika miaka kumi idadi ya watu ikazidi maradufu. Walioijaza ni watumishi, mafundi, wanafunzi na wachuuzi waliotafuta kodi nafuu au kiwanja cha kwanza maishani mwao. Viwanda vipo na shule zipo. Lakini kila alfajiri matatu hujaa zikielekea Nairobi, na jioni hurudi zimejaa vilevile.

Kisumu ilianza kwa namna nyingine kabisa. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, wakati eneo hili lilikuwa bado likihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kabla ya kuhamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Hapakuwa na umati wa watu hapa. Palikuwa na gati, stesheni, maghala na maduka machache ya mabati. Hata hivyo mizigo ya Kampala, Bukoba na Mwanza ilipita mikononi mwa watu wa hapa. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kutch, alikuwa na maduka yake kuifuata njia hiyo mpaka ndani ya Uganda. Wazee wetu wa Kigujarati walikuja nyuma yake, wakanunua pamba, ufuta na ngozi kwa wakulima wa Nyanza, wakawauzia nguo, chumvi na majembe. Mji ulikuwa mdogo, lakini kazi yake tayari ilikuwa kazi ya jiji.

Hapa ndipo napendekeza kipimo cha mtu wa dukani. Usiulize duka linauza nini. Uliza mwenye duka ananunua wapi mali yake. Mwenye duka wa kiunga huuza rejareja kwa majirani, na bidhaa zikimwishia hupanda gari kwenda jijini. Jijini ndiko kwenye jumla. Wenye maduka wa Siaya, Homa Bay, Vihiga na Busia wamekuja Kisumu kwa miaka mingi kujaza rafu zao, kama vile mwenye duka wa Ruiru anavyokwenda Nairobi. Na yaliyo kweli kwa sukari na sabuni ni kweli kwa mambo mengine. Mgonjwa aliyeshindikana hospitali ya kwao huletwa Kisumu. Kesi ya rufaa husikilizwa Kisumu. Katika sikukuu zetu kubwa, jamaa kutoka Kakamega na Kericho huja hekaluni petu. Jiji, basi, ni mahali panapowahudumia hata wale wasiolala hapo. Kiunga, hata kiwe kikubwa namna gani, huwahudumia zaidi wale wanaolala hapo.

Lakini tusijisifu bila kukumbuka upande wa pili. Mpangilio wa kikoloni uliwaweka Wazungu mlimani, Wahindi kwenye biashara, na Waafrika wengi pembeni. Manyatta na Nyalenda zilikua nje ya mpaka wa manispaa, bila mabomba wala mitaro, ingawa wakazi wake ndio waliopakua mizigo bandarini na kufagia maduka yetu. Mpaka ulipanuliwa kuwaingiza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na huduma zilichelewa kuufuata mpaka huo. Kwa hiyo kiunga si daima kile kilicho mbali na jiji. Wakati mwingine ni kile ambacho jiji lilikataa kukihesabu.

Ndugu zetu waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wanalijua swali hili kwa ugenini. Maelfu yao walipokelewa Kanada, na leo wengi wa jamaa tunaosema “wako Toronto” wanaishi Mississauga. Mahali hapo paliunganishwa kutokana na miji midogo na mashamba, pakapewa jina la jiji mwaka 1974, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 717,961. Kitovu chake kilikulia kando ya duka kubwa la Square One, lililofunguliwa mwaka 1973 kati ya mashamba. Baadaye zikaongezwa ofisi za jiji, maktaba na ukumbi wa sanaa. Jina lilitolewa siku moja, lakini kitovu kimehitaji miaka hamsini ya kujengwa, na kazi bado inaendelea.

Ikiwa kitovu hujengwa, basi huweza pia kubomoka, na hili ndilo linalonifanya niandike. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, gati letu lilipungukiwa na meli. Baadaye viwanda vya nguo vilifungwa, na mashine za sukari za Miwani zikanyamaza. Familia nyingi za jamii yetu zilihama. Siku hizi mwenye duka wa Siaya anaweza kuagiza mali kwa simu na kuletewa moja kwa moja kutoka Nairobi. Siku Kisumu itakapobaki na nyumba za kulala tu, tutakuwa na cheti cha jiji na maisha ya kiunga.

Kwa hiyo tunaposherehekea umri wa hekalu letu, tuone kwamba limekuwa sehemu ya kitovu hicho, pamoja na misikiti, makanisa, shule na masoko yanayolizunguka. Wazee waliolijenga wangeweza kuridhika na pembe ya kuabudia majumbani mwao. Walijenga mahali ambapo hata mgeni angefikia. Vijana wetu wanaojenga sasa Mamboleo na Kibos, na wenzao walioko Ruiru, wasitosheke na ukuta na lango. Waanze maktaba, zahanati, ukumbi au soko ambalo mtu wa mbali atakuwa na sababu ya kulijia.