Harusi Kubwa ya Ngazija na Mafunzo Yake kwa Wachumba



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, sisi tunaofundisha madrasa tunaulizwa mara nyingi na vijana waliokwisha kuposa: ikiwa mahari imekubaliwa, tena si kubwa, kwa nini ndoa haifungwi? Ukifuatilia utakuta kwamba kinachosubiriwa si mahari bali ni ada: ukumbi, sare za ndugu, zawadi za wajomba, mpiga picha na chakula cha watu mia kadhaa. Wapo wanaosema dawa ni viongozi kuyapiga marufuku mambo hayo yote. Kabla hatujalikubali wazo hilo, ni vyema tukatazama historia ya mahali ambapo lilijaribiwa kwa nguvu za dola, nako ni kisiwa cha Ngazija katika Visiwa vya Komoro.

Mahari na walima wakati wa Mtume (s.a.w.)

Kwanza tuweke msingi. Kabla ya Uislamu, mara nyingi mahari ilichukuliwa na walii wa mwanamke. Qur'an katika Suratun-Nisaa, aya ya 4, ikaamrisha wanawake wenyewe wapewe mahari yao. Haya yalikuwa mageuzi makubwa: mahari ikawa haki ya bibi harusi, si bei anayolipwa baba yake wala ada ya ukoo.

Kiwango hakikuwekwa. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa, alieleza kuwa mahari ya Mtume (s.a.w.) kwa wake zake ilikuwa wakia kumi na mbili na nusu, yaani dirhamu 500. Kwa mizani ya leo ni karibu kilo moja na nusu ya fedha. Sayyidna Ali (r.a.) alimpa Bibi Fatma (r.a.) deraya yake ya vita. Sahaba mmoja aliyekuwa fukara aliambiwa atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa aliozeshwa kwa Qur'an aliyoihifadhi. Upande wa pili, Bibi Umm Habiba (r.a.) alipoolewa na Mtume (s.a.w.) akiwa Uhabeshi, Najashi alimlipia mahari ya dirhamu 4,000, yaani mara nane ya zile 500. Mtume (s.a.w.) hakuzirudisha.

Sayyidna Umar (r.a.) katika ukhalifa wake aliwausia watu wasipandishe mahari. Kuna kisa mashuhuri kwamba mwanamke alisimama akampinga kwa aya ya 20 ya Suratun-Nisaa, inayotaja uwezekano wa mke kupewa rundo la mali. Wanazuoni wa hadithi wamehitilafiana kuhusu usahihi wa kisa hicho, lakini wausia wenyewe wa Umar umepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Kilichobaki katika fiq'hi ni kwamba wepesi unapendekezwa, na kiwango cha juu hakikuwekwa.

Walima nao ulifuata uwezo wa mtu. Abdurrahman bin Auf (r.a.), aliyetoa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende, aliambiwa afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Walima wa Bibi Safiyya (r.a.) ulikuwa wa tende, samli na jibini kavu, kwa sababu walikuwa safarini.

Ngazija na ada

Sasa tuje Ngazija. Kisiwa hiki si kigeni katika elimu ya pwani yetu. Sayyid Ahmad bin Sumayt, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa kadhi Zanzibar na kufariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Wangazija ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na lugha yao ni ndugu wa Kiswahili.

Huko kuna harusi mbili. Ya kwanza ni ndoa ndogo, yaani nikaha ya kawaida yenye walii, mashahidi na mahari. Ya pili ni harusi kubwa, ambayo wenyewe huiita anda, neno lilelile tunalolitamka ada. Mtu anaweza kuwa ameshaoa, ana watoto wakubwa, na bado hajafanya harusi kubwa. Wengi huifanya wakiwa na umri wa miaka arobaini au zaidi, baada ya kukusanya mali kwa miaka mingi, na kwa desturi hufanywa na mwanamke wa mji wa mwanamume mwenyewe.

Gharama zake si za siku moja. Kuna vikuku na mikufu ya dhahabu kwa bibi harusi, ng'ombe wa kuchinjwa, magunia ya mchele, fedha za kugawiwa marika na wazee wa mji, ngoma, majilisi ya dini na twarab, ambayo ilifika Ngazija kutoka Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa mwanamke, ukoo wake humjengea nyumba na kuitia vyombo. Mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya binti, na aghalabu kaka zake hufanya kazi miaka mingi kuijenga.

Mwanamume akikamilisha ada, huitwa mtu mzima. Huvaa joho na mharuma, husema katika mikutano ya mji, na hukaa mbele siku ya Ijumaa. Asiyefanya ada huhesabiwa mwanamji, yaani mtoto wa mji, hata kama ni mzee mwenye mvi au msomi mwenye shahada kubwa.

Serikali inapiga marufuku

Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975 chini ya Ahmed Abdallah. Tarehe 3 Agosti mwaka huo huo alipinduliwa, na mwanzoni mwa 1976 Ali Soilih akawa mkuu wa dola. Ali Soilih alikuwa mtaalamu wa kilimo, na aliona nchi maskini ikitumia akiba yake katika sherehe. Serikali yake ikapiga marufuku harusi kubwa, ikawaondolea wazee wa ada mamlaka yao, na kuwapa vijana madaraka. Haikuishia hapo. Iliwakabili masheikh pia, ikapiga vita buibui, na kuchoma kumbukumbu za ofisi za serikali.

Tarehe 13 Mei 1978 Ali Soilih alipinduliwa na mamluki wa Kifaransa Bob Denard, na kabla ya mwezi kwisha akauawa. Hatusemi kwamba harusi ndiyo iliyomwangusha. Aliangushwa kwa silaha. Lakini Ahmed Abdallah aliporudi madarakani, ada ilirudi naye, na imeendelea mpaka leo. Kila mwaka mwezi wa Julai na Agosti, Wangazija wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, hurudi visiwani kufanya harusi zao au kuhudhuria za ndugu.

Kwa nini ada ilirudi?

Jibu letu ni kwamba ada ilikuwa na kazi, na aliyeipiga marufuku hakuibebea kazi yake. Nyumba ilimpa binti mahali pa kukaa ambapo talaka haiwezi kumtoa. Dhahabu ilikuwa akiba yake. Sehemu ya fedha za ada iliingia katika mfuko wa mji, ikajenga misikiti, skuli na barabara ambazo serikali haikuzijenga. Na aliyetoa leo alijua kuwa kesho atatolewa yeye au mwanawe. Sheria ya serikali iliona ng'ombe na mchele tu. Haikuona nyumba, akiba wala mfuko wa mji.

Hata hivyo, tusiipambe ada kwa yale mazuri tukanyamazia mabaya yake. Kuna familia zinazobaki na madeni ya miaka, na kuna watoto wanaokosa karo kwa sababu baba anaweka akiba ya ada. Zito zaidi ni kuipa mali nafasi isiyokuwa yake. Qur'an katika Suratul-Hujuraat imeweka wazi kwamba mbora mbele ya Allah ni mwenye taqwa zaidi. Safu ya mbele msikitini ni ya aliyetangulia kufika, sio ya aliyechinja ng'ombe wengi. Kumwita Muislamu mzima mtoto kwa sababu ya umaskini ni dharau ambayo dini haiikubali.

Ipo njia nyingine, na imepitwa na Wangazija wenyewe. Miji kadhaa imepunguza baadhi ya sherehe kwa makubaliano ya wenyeji, na fedha zilizokuwa za karamu zikaelekezwa kwenye kazi za mji. Ada haikukatwa, imegeuzwa mwelekeo. Na kwa kuwa wenyeji ndio walioamua, ni wao wanaoilinda.

Mafunzo kwa wachumba na wazazi

1. Tenganisheni nikaha na ada. Hata Ngazija, penye ada nzito kuliko zote tunazozijua, nikaha haikufungwa minyororo na harusi kubwa. Walii akiridhia na mahari ikijulikana, msiwaache vijana wawili miaka mitatu kwa ajili ya ukumbi.

2. Andikeni mahari peke yake, pembeni na orodha ya gharama. Mahari ni ya binti. Isije ikaliwa na karamu halafu akaambiwa kwamba ameshapewa.

3. Kila ada mnayotaka kuiondoa, ulizeni kwanza inafanya kazi gani. Kama zawadi ya shangazi ndiyo njia ya kumheshimu kwa malezi, tafuteni heshima nyingine isiyo na deni. Mkiifuta bila badali, itarudi kwa mlango wa nyuma na kinyongo juu yake.

4. Jifunzeni kutoa kinachobaki. Nyumba, kiwanja, cherehani au ada ya masomo ya bibi harusi vitabaki baada ya ngoma kunyamaza.

5. Walima uwe kwa uwezo, na maskini waalikwe. Mtume (s.a.w.) amekilaumu chakula cha walima wanachoitiwa matajiri na kuachwa mafakiri.

6. Wazee wasipitwe. Kijana akitangaza peke yake kwamba hataki ada, huonekana amewadharau. Familia mbili zikikaa na kukubaliana kupunguza, huwa ni heshima kwa wote, na wa nyuma yao hupata pa kuanzia.

Ndugu zetu, ada za ndoa zimetengenezwa na watu, na waliozitengeneza wanaweza kuzitengeneza upya. Kinachotakiwa ni familia ya kwanza katika mtaa iwe na ujasiri wa kuanza, na majirani wasiicheke.

Tunamuomba Allah (S.W.) awawepesishie vijana wetu njia ya halali, azitie baraka ndoa zao, na azijaalie nyumba zao kuwa za mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.