Binti wa Handeni Ataka Kuzamia

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeipata sauti hii ikiwa imekwisha kutua karatasini, leo naanza na habari ya nyumbani kwangu. Nitaizungusha mpaka ifike mbali, kwa hiyo nakuomba uvumilivu.

Ninaye mpwa, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Handeni na kusoma sekondari Korogwe. Sasa anafanya kazi ya uuguzi Canada. Juma lililopita alinipigia simu. Kwa kawaida sisi ndio tunaompigia yeye, na kila tunapompigia kuna bati limeezuliwa au mtoto amerudishwa ada. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa na shauri. "Shikamoo mjomba," akasema, "mwezi wa Februari nataka kwenda likizo Bonaire, kwenye bahari ya Caribbean. Nitajifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, na kuendesha kayaki. Mwambie bibi taratibu."

Bibi anayetajwa ni mama yangu, Mzigua wa Handeni, mwenye umri uliopita miaka themanini. Nilimwambia taratibu kama nilivyoagizwa. Akanitazama, akauliza: "Kwani amepoteza nini huko ndani ya maji?"

Basi kikakaliwa kikao. Kaka yangu mkubwa alisema hiyo ni anasa, na kwamba fedha hizo zingetosha kumalizia nyumba ya bibi. Shangazi mmoja alisema msichana ameharibika. Hakuna aliyetaja kwamba fedha hizo binti mwenyewe alizipata kwa zamu za usiku na kwa kucheza upatu na wenzake miaka miwili. Mwishowe wakanigeukia mimi, kwamba ndiye mjomba na ndiye mtu wa redio, nitoe uamuzi. Nikaomba wiki moja.

Kwanza neno lenyewe lilitukwaza. Kwa watu wa Tanga na Dar es Salaam, "mzamiaji" si mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Ni kijana aliyejificha kwenye tumbo la meli usiku, akaamkia Ulaya, ama asiamkie kokote. Kaka yangu aliposikia binti "anazamia" alishtuka akidhani amefukuzwa kazi. Ilinichukua dakika kumi kueleza kwamba huyu atazama kwa ruhusa, mchana, na kwa kulipia.

Lakini hofu ya mama ilikuwa nyingine, na ndiyo iliyonipeleka kwenye vitabu. Handeni hakuna bahari. Handeni watu huamka alfajiri kufuata maji lamboni, na anayehangaika hivyo kwa ndoo moja huona ajabu kusikia kwamba wako wanaolipa ili waingie majini na kutoka bila hata kuchota. Korogwe angalau kuna mto, ule Ruvu ambao chini huko huitwa Pangani. Mimi nimekulia kando yake na mpaka leo sijui kuogelea. Tulikatazwa kwa sababu ya mamba, na mamba walikuwapo kweli. Ila mama yangu hakuwa akitaja mamba tu. Alikuwa akisema bahari inachukua watu. Utotoni nilidhani ni maneno ya kutisha watoto.

Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliipiga nchi ya Uzigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wengine wakikubali kufanya kazi kwa malipo ya kushibishwa tu. Wengi walijikuta wamepakiwa vyomboni na kuuzwa kwenye pwani ya Somalia. Baadaye wakatoroka kwenye mashamba na kwenda kujificha katika misitu ya bonde la mto Juba. Simulizi zao zinamtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza, na nia yao ilikuwa kurudi nyumbani Uzigua kwa miguu. Hawakufika. Wakalima kandokando ya mto ule, wakazaa, na Kizigua chao hakikufa. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 wajukuu zao walikimbia tena. Baadhi walikwenda Kenya na hatimaye Marekani. Baadhi walikuja huku, na kuanzia mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, katika wilaya hiyohiyo ya Handeni, na wengi wao wakapata uraia wa Tanzania. Safari ya kurudi ilichukua zaidi ya miaka 160. Mama yangu amewasikia watu wa Chogo wakizungumza Kizigua cha kale, na alilia siku hiyo.

Na hao ni wa Juba tu. Bandari ya Pangani ilikuwa mlango wa watu wengine wengi kutoka bara, na hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873 biashara hiyo iliendelea kwa siri. Miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waliofikishwa Ghuba ya Uajemi, wapo waliotiwa katika kazi ya kuzamia lulu. Kazi hiyo ilifanywa hivi: mtu anabanwa pua kwa kibanio cha pembe, anafungwa jiwe mguuni, anashuka kwa pumzi yake mwenyewe mpaka sakafu ya bahari, anazoa chaza, anatikisa kamba, na mwenzake aliye juu anamvuta. Kisha anarudi tena, mara kadhaa wa kadhaa kwa siku, kwa msimu mzima wa joto. Masikio yalipasuka, macho yakaharibika. Lulu zenyewe ziliishia shingoni mwa wanawake wa Paris na New York, hadi mdororo wa uchumi wa 1929 na lulu za kufugwa za Wajapani zilipoiangusha biashara ile.

Sasa tazama upande wa pili wa dunia, huko anakokwenda mpwa wangu. Kwenye kisiwa cha Cubagua, karibu na Venezuela, Wahispania walianzisha uvuvi wa lulu mapema katika miaka ya 1500. Waliwakamata wenyeji wa visiwa vya Bahama kwa kuwa walisifika kwa kuzamia, wakawamaliza. Padri Bartolomé de las Casas ameandika juu ya mateso yao. Baadaye wakaletwa Waafrika wazamie badala yao. Kwa hiyo mtu mweusi chini ya maji ya Caribbean si jambo geni hata kidogo. Jipya ni kwamba huyu anashuka kwa hiari yake.

Mtungi wa hewa umekuja juzijuzi. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza vali inayompa mzamiaji hewa kila anapovuta pumzi, wala si muda wote. Kwa kifaa hicho mtu wa kawaida akaweza kukaa chini akitazama samaki. Biashara ikafuata: mwaka 1957 Bob Soto alifungua kisiwani Grand Cayman duka linalohesabiwa kuwa la kwanza la kuzamia katika Caribbean. Visiwa vilivyokuwa vimechoka na miwa vikagundua kwamba maji yao yana bei.

Wenzangu wa Korogwe, msidhani hayo yako mbali nasi. Mkonge unaouona ukitoka Mnyuzi mpaka Mombo ulitoka maeneo yale. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Asili yake ni rasi ya Yucatán huko Mexico, na jina la "sisal" ni la bandari moja ya huko. Rasi hiyohiyo, upande wa Caribbean, ndiko ulikojengwa kuanzia 1970 mji wa mapumziko wa Cancún. Wao waliongeza mahoteli. Sisi tulibaki na katani na kadi ya siku thelathini: manamba aliyeletwa kutoka bara kwa treni alihesabiwa siku za kazi, na siku za mapumziko hazikuwa na safu kwenye kadi ile. Nadhani hapo ndipo kaka yangu alipojifunza, bila kujua, kwamba likizo ni kitu cha mzungu. Baba yetu alikata mkonge.

Turudi kwenye mpango wa safari, maana binti aliniuliza pia mambo ya kiutendaji. Kwa mtu anayeanza, Bonaire ni chaguo zuri. Matumbawe yako karibu sana na ufuko, unaingia kwa miguu. Bahari inayokizunguka kisiwa imekuwa hifadhi tangu 1979, na wageni wanaozamia humo hulipa ada ya hifadhi hiyo. Msimu wa vimbunga vya Caribbean huanza Juni hadi Novemba, lakini Bonaire iko kusini, nje ya njia kuu ya vimbunga hivyo. Februari haina wasiwasi mkubwa. Fedha ni dola ya Marekani, na nchi ni ya Waholanzi, hivyo mambo ya viza ayaulize kwao mapema kabla ya kukata tiketi.

Mafunzo ya mwanzo huchukua siku tatu au nne: darasa, maji tulivu, kisha bahari. Mwisho wake ni cheti kinachomruhusu kushuka hadi mita 18. Ataulizwa afya yake, na hapa nilimkazania asifiche pumu aliyokuwa nayo utotoni; daktari aseme kwanza. Kuna sheria moja kuliko zote, kwamba chini ya maji usizuie pumzi kamwe, kwa sababu ukipanda umebana hewa, hewa hiyo hutanuka na kupasua mapafu. Hao wazamiaji wa lulu waliishi kwa kuzuia pumzi. Huyu atapona kwa kutoizuia. Tena akishazamia mara kadhaa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Kwa hiyo kayaki aiweke siku ya mwisho, si ya kwanza.

Kayaki yenyewe ilibuniwa na wawindaji wa nchi za barafu, waliyoiwamba ngozi za sili. Ukiiona utacheka: ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili, na kafi lake lina bapa pande mbili. Hata neno ambalo Waingereza hulitumia kwa mtumbwi lilitoka kwa wenyeji wa Caribbean, lilichukuliwa na watu wa Columbus. Huko Bonaire ataendesha kwenye mikoko ya ghuba ya Lac, mahali ambapo mvuvi yeyote wa Pangani angejiona yuko kwao.

Nilimwomba kitu kimoja zaidi. Kusini mwa kisiwa kuna mashamba ya chumvi, na kando yake vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850, vifupi kiasi kwamba mtu mzima huingia ameinama. Humo walilala watumwa waliochota chumvi. Familia zao zilikuwa Rincon, mwendo wa saa nyingi kwa miguu, wakienda mwisho wa juma na kurudi. Uhuru wao ulikuja mwaka 1863. Leo mbele ya vibanda hivyo wageni huvaa mapezi na kuingia majini. Nimemwambia avue miwani ya kuzamia, ainame, aingie ndani ya kimoja kabla hajaenda kutazama samaki.

Wapo watakaouliza kwa nini asije kuzamia kwetu. Nami nilimuuliza. Mbele ya Pangani kuna Maziwe, kilichokuwa kisiwa chenye mivinje na mahali mashuhuri pa kasa kutagia. Miti ikakatwa, mawimbi yakala mchanga, na ingawa kilitangazwa hifadhi mwaka 1975 leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, likizungukwa na matumbawe. Watalii huzamia pale, hasa wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari; masika mto humwaga tope na huoni hata mkono wako. Kayaki nayo inawezekana kwenye mlango wa mto, ukiwa na mwenyeji anayejua viboko wanapolala. Asidanganyike tu kwamba atateremka kutoka Korogwe hadi baharini, kwani katikati kuna maporomoko na mitambo ya umeme ya Hale. Hata Burton na Speke, walipokwenda kwa Kimweri kule Vuga mwaka 1857, mto uliwabeba mwanzo tu, kisha wakatembea. Binti amesema Maziwe atakuja mwaka wa pili, akiwa na cheti, na atanifundisha mimi kuogelea. Sijamjibu hilo.

Jumapili nilikwenda Handeni kutoa uamuzi wangu. Nilisema aende. Kaka alinung'unika kidogo kuhusu bati, nikamwambia bati nitachangia mimi. Mama alikaa kimya muda mrefu, akipepeta choroko zake. Nikamweleza habari za mwalimu, mtungi, daktari na hifadhi. Hakuonekana kusikiliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Tiketi ya kurudi anayo?"

Nikamwambia anayo, amekwisha kuilipia, niliiona kwenye simu.

"Imeandikwa tarehe?"

"Imeandikwa, mama."

"Nisomee."

Nikamsomea. Akanitaka nisome tena, polepole, siku na saa.