Gemu Iliyofundisha Historia, na Watu Iliowasahau

Moja ya gemu maarufu zaidi za kufundisha historia ilianza bila picha, bila rangi na bila skrini. Ilikuwa Desemba 1971, mjini Minneapolis, Marekani. Don Rawitsch, kijana wa miaka 21, alikuwa kwenye mazoezi ya ualimu katika shule ya Jordan Junior High, na mada aliyopewa ilikuwa jinsi Wamarekani weupe walivyohamia magharibi katika karne ya 19. Kama umewahi kukaa darasani saa nane mchana ukiandikiwa ubaoni "sababu tano za watu kuhama", unajua mada kama hiyo inavyoweza kulaza darasa zima.

Rawitsch hakutaka kulaza mtu. Alichora ramani kubwa kwenye karatasi, akatengeneza kadi, akatafuta dadu. Watoto wangesafiri kwenye ramani, na kila kadi ingewaletea jambo: mvua, ugonjwa, gurudumu kuvunjika. Wenzake wawili aliokuwa akiishi nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa wakifundisha hesabu na walijua kidogo mambo ya kompyuta. Wakamwambia, hii kitu si tuiandike kama programu? Kwa muda wa kama wiki mbili hivi waliandika *The Oregon Trail*.

Mashine yenyewe ilikuwa teletaipu, kitu kama taipureta iliyounganishwa kwa laini ya simu na kompyuta iliyokuwa mahali pengine. Unaandika jibu, inachapa matokeo kwenye karatasi. Mwaka ni 1847. Unaondoka Independence, Missouri, na safari ya zaidi ya kilomita 3,000 iko mbele yako. Una dola 700 za kugawa: maksai wa kukokota gari, chakula, risasi, nguo, dawa. Ukitaka kuwinda, unaandika neno BANG haraka uwezavyo. Ukichelewa, umelala njaa. Basi, hiyo ndiyo gemu.

Na watoto walipanga foleni. Walijigawia kazi wenyewe: anayejua kusoma ramani alishika ramani, anayejua hesabu alishika pesa, mwenye vidole vyepesi akawa mwindaji. Hakuna aliyewaambia wakariri kwamba wahamiaji wengi walikufa kwa magonjwa. Walijua, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamekufa Jumatatu, na Jumanne wakarudi na mpango mwingine: nguo zaidi, risasi chache.

Hapo ndipo ninapoona nguvu ya gemu. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuchangamsha, yaani unampa mtoto peremende ndipo ameze dawa. Mimi naona vingine. Kitabu cha historia kinakuonyesha mambo yakiwa yameshaisha, na kwa sababu yameisha yanaonekana kana kwamba lazima yangekuwa hivyo. Gemu inakurudisha kabla hayajaisha. Una dola 700, hazitoshi, chagua. Mtoto akishachagua na kuumia, neno "sababu" linapata nyama. Halibaki tena kuwa orodha ya kumeza usiku wa mtihani na kutapika asubuhi.

Muhula ulipoisha, Rawitsch aliifuta programu kwenye kompyuta, lakini akabaki na karatasi zake. Mwaka 1974 aliajiriwa na shirika la MECC lililopeleka kompyuta katika shule za jimbo la Minnesota. Akaiandika tena, mstari kwa mstari. Kisha akafanya kazi ambayo nadhani ndiyo muhimu zaidi katika hadithi hii yote: akasoma shajara za wasafiri halisi, akahesabu ni mara ngapi walikutana na mvua, magonjwa au ukosefu wa maji, akarekebisha programu ifuate hesabu hiyo. Gemu ikawa na utafiti ndani yake. Miaka ya themanini ikaingia kwenye kompyuta za Apple II, na kizazi kizima cha Wamarekani kikakua kikitaniana kuhusu kufa kwa kuhara damu.

Lakini shajara za nani? Za wenye magari ya maksai. Wenyeji wa nchi ile, ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa "njia", wanatokea kwenye gemu hiyo kama tukio la safari. Katika toleo moja la zamani wanakuonyesha mahali pa kupata chakula, halafu wanatoweka. Huwezi kuwa mmoja wao. Huwezi kusimama kando ya mto ukahesabu magari yanayopita na kujiuliza mwaka kesho yatakuwa mangapi. Rawitsch hakuwatukana. Kanuni za gemu hazikuwahitaji tu. Na mtoto hujifunza kanuni kabla ya kujifunza chochote kingine: mshindi ni anayefika Oregon. Aliyekuwa Oregon tangu zamani hana pointi.

Jibu lilikuja baada ya miaka karibu 50. Mwaka 2019 ilitoka gemu inayoitwa *When Rivers Were Trails*, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Indian Land Tenure Foundation na Chuo Kikuu cha Michigan State, ikaandikwa na waandishi wengi kutoka jamii za wenyeji wenyewe. Safari inaanzia Minnesota ile ile ya Rawitsch. Ila sasa wewe ni Mwanishinaabe katika miaka ya 1890. Sheria za kugawa ardhi zimekung'oa kwenu, na unaelekea magharibi hadi California. Unakutana na watu wa mataifa mengine ya wenyeji, na maajenti wa serikali. Ni safari, kuna njaa, kuna mito. Kilichobadilika ni nani anasafiri na kwa nini, na hiyo peke yake inageuza somo zima.

Upande mwingine kuna mfano wa kutisha. Mwaka 2013 studio moja ya Denmark, Serious Games Interactive, ilitoa gemu ya watoto wa shule kuhusu biashara ya watumwa katika Atlantiki. Unacheza kama mvulana mtumwa anayemhudumia nahodha. Kwenye hatua moja unapanga miili ya Waafrika ndani ya meli ili waenee wengi iwezekanavyo, kwa mtindo wa Tetris. Mwaka 2015 watu walipoiona mtandaoni walikasirika, na studio ikaiondoa sehemu hiyo. Ukiangalia taarifa, haikuwa uongo: meli zile zilipakiwa hivyo kweli. Lakini kanuni ya Tetris inasema nafasi iliyojaa vizuri ni ushindi. Mtoto anafurahia kupanga. Vidole vyake vinajifunza hesabu ya mwenye meli.

Kwa hivyo mtu akiniambia "tuweke gemu darasani, watoto wa siku hizi wamechoka na vitabu", mimi namuuliza maswali mawili. Mchezaji ni nani? Na akishinda, ameshinda nini? Hata gemu za kujiburudisha zina jibu. Katika *Civilization VI*, nyongeza ya 2018 ilileta Kilwa Kisiwani, mji wetu wa pwani, kama moja ya maajabu ya dunia unayoweza kujenga. Raha, sivyo? Ila mtu anayecheza kama Uingereza anaweza kuijenga Kilwa karibu na London, mradi kuna ufuo. Mji umebaki jina na picha. Waswahili waliouza dhahabu ya kusini na kujenga misikiti ya matumbawe hawamo kwenye hesabu.

Turudi nyumbani sasa. Mwanafunzi wa Kenya akifika kwa Mekatilili wa Menza, mara nyingi hupata aya moja na orodha ya sababu: kodi, vijana kulazimishwa kufanya kazi, kunyang'anywa ardhi. Zote ni kweli, na zote zimekauka. Hebu fikiria gemu ya karatasi, kama ile ya kwanza ya Rawitsch kabla ya kompyuta. Kila kundi la wanafunzi ni boma moja la Wagiriama kaskazini mwa mto Sabaki. Mwaka ni 1912. Mna mahindi, mna mbuzi, mna vijana watatu.

Kadi ya kwanza: ofisa Arthur Champion amefika, anataka kodi. Mtauza mahindi au mbuzi? Kadi ya pili: anataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Ukitoa kijana mmoja, nani atapalilia? Kadi ya tatu, 1913: Mekatilili amezunguka vijijini na ngoma ya kifudu, amekusanya watu Kaya Fungo, na viapo vinaliwa. Mkila kiapo, hamwezi tena kumpa Champion chochote. Msipokula, majirani watawaona wasaliti. Boma lako linachagua nini? Nawahakikishia darasa litapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo historia yenyewe, kwa sababu ndivyo wazee wa wakati ule walivyobanwa.

Kisha Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola wanakamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Wanatoroka, wanarudi kwa miguu. Hapa mpe mwanafunzi ramani tupu. Ufuate reli, ambako kuna askari, au uiepuke, ambako kuna simba? Utaomba maji kwa lugha gani? Kadi ya Agosti 1914: Waingereza wamelipua Kaya Fungo kwa baruti. Nyumba zinachomwa, mbuzi wanachukuliwa. Kadi ya mwisho: Wagiriama wanatozwa faini ya rupia 100,000, watoe na wanaume 1,000 wa kufanya kazi.

Hakuna boma linaloshinda gemu hii. Na ni sawa. Tumezoea kuwapa watoto mashujaa wa kupigiwa makofi Oktoba 20 kisha kusahauliwa tarehe 21. Mtoto aliyehesabu mbuzi wake wakiisha ataelewa kwa nini suala la ardhi pwani bado linawasha watu hadi leo. Hatahitaji kukariri.

Sisemi gemu ichukue nafasi ya mwalimu. Ubisoft walipotoa *Discovery Tour* mwaka 2018, ile Misri ya kale ya *Assassin's Creed Origins* bila vita, watafiti wa Montreal walilinganisha wanafunzi. Waliojifunza kwa gemu waliongeza maarifa, lakini waliofundishwa na mwalimu waliongeza zaidi. Hilo halinishangazi. Gemu inaleta swali, na baada ya hapo anahitajika mtu wa kulijibu, au wa kukataa kulijibu haraka.

Kuanzia 2016 serikali ilipeleka tableti katika shule za msingi za umma, na vijana wa Nairobi wanaojua kuandika programu wapo tele. Siku moja tutakuwa na gemu ya Kaya Fungo kwenye simu, yenye sauti ya kifudu na Kigiriama safi. Lakini mwalimu asingoje siku hiyo. Manila moja, kalamu, dadu mbili, mahindi halisi ya kuhesabia. Halafu awaache darasa wabishane kuhusu kiapo hadi kengele ilie, na kengele ikilia, wasisikie.