Kasri la Hartheim: Uzuri wa Matao na Siri ya Kuta

Katika makala yetu ya historia leo tunakwenda Alkoven, kijiji cha Austria kilichoko yapata kilomita 15 magharibi mwa mji wa Linz. Hapo, kando ya mashamba, limesimama kasri la Hartheim.

Kwa mtazamo wa kwanza halina cha kutisha. Karibu na mwaka 1600, kabaila Jakob von Aspan alilijenga kwa mtindo wa Renesansi uliotokea Italia: majengo manne yaliyoungana kuwa mraba, mnara katika kila pembe, na mnara wa tano, mrefu kuliko yote, uliochomoza juu ya paa. Fahari yake hasa imo ndani. Ua umezungukwa na baraza zenye nguzo na matao, ghorofa juu ya ghorofa, hata aliyesimama chini huonekana na kila aliye juu. Sijapata kuona ua mwanana kama huo, na ndiyo maana yaliyotendeka humo ni mazito kuyasimulia.

Mwaka 1898 mwanamfalme Camillo Heinrich Starhemberg alilitoa kasri hilo kwa chama cha hisani. Likawa makao ya watu wenye ulemavu wa akili, wakitunzwa na watawa. Baada ya Ujerumani kuimeza Austria mwaka 1938, Wanazi waliyatwaa makao hayo. Wakazi wake wakahamishwa, na wengi wao baadaye wakauawa.

Mwaka 1940 Hartheim ilifanywa kuwa mojawapo ya vituo sita vya kuwaua wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu. Hapo usanifu ukageuzwa kinyume. Ule ua wa kuonana ulizibwa kwa mbao, na nje kikajengwa kibanda ambamo mabasi yaliingia na kushusha abiria bila kuonekana. Vyumba vya chini vikawa chumba cha gesi na chumba cha tanuri. Jamaa waliletewa barua za rambirambi zenye sababu za uongo za kifo.

Lakini moshi haukufichika. Wanakijiji walipoanza kunong'ona, waliitwa wakaambiwa kwamba yanachomwa mafuta machafu, na kwamba atakayesema vingine atapelekwa kambini. Hata hivyo mkazi mmoja aliupiga picha moshi ule ukipanda juu ya paa la kasri, na picha hiyo ipo hadi leo.

Hadi Agosti 1941 waliouawa walizidi 18,000. Kisha wakaletwa wafungwa wa kambi za Mauthausen, Gusen na Dachau, hadi mwaka 1944. Jumla ikafikia takriban watu 30,000. Mwishoni wafungwa wa Mauthausen walilazimishwa kubomoa tanuri na dohani, na watoto wakarejeshwa humo ili kasri lionekane kama zamani.

Ajabu ni kwamba baada ya mafuriko ya mto Danube ya mwaka 1954, familia zilizopoteza nyumba zao zilipewa hifadhi humo, na wapangaji waliendelea kuishi ghorofani kwa miongo kadhaa, hata baada ya vyumba vya kumbukumbu kufunguliwa chini yao mwaka 1969.

Kabla ya jumba la kumbukumbu la sasa kufunguliwa mwaka 2003, mafundi walichimba bustanini. Mwaka 2001 na 2002 udongo ulitoa majivu, mifupa na vitu vidogo vidogo walivyokuja navyo abiria wa mabasi yale.