Ekseli za Magari Madogo ya Kalibu: Sehemu, Aina na Tofauti za Utengenezaji

Ekseli ni kijiti cha feleji kinachopita chini ya gari kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kikishika gurudumu kila upande. Magari madogo ya kalibu ni vitu vya kuchezea ambavyo bodi zake hupatikana kwa kusukuma aloi ya zinki iliyoyeyuka, kwa shinikizo kubwa, ndani ya kalibu ya chuma. Bodi huwa ya zinki, bamba la chini la zinki au bati, magurudumu ya zinki, mpira au plastiki. Ekseli hutoka nje ya mfumo huo wote: haimiminwi, hukatwa kutoka kwenye waya na kufungwa wakati wa kuunganisha gari. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliweza kuibadilisha bila kugusa kalibu, na magari mawili yaliyotoka katika kalibu moja yanaweza kutofautiana kwa ekseli tu.

Mifano mingi inayojulikana hutoka kwa watengenezaji wanne: Meccano wa Liverpool, waliotoa Dinky Toys, Lesney Products wa London, waliotoa Matchbox, Mettoy, waliotoa Corgi Toys kuanzia 1956 katika kiwanda chao cha Swansea, na Mattel wa Marekani, waliotoa Hot Wheels kuanzia 1968.

Sehemu za ekseli ni tatu. Shina ni urefu ulio kati ya magurudumu mawili. Kichwa ni ncha iliyopanuliwa ili gurudumu lisichomoke. Kiti ni tundu au mfereji katika bodi au bamba la chini ambamo shina huzungukia. Kiti, kwa hesabu kali, si sehemu ya ekseli bali ya gari. Hata hivyo huingizwa hapa kwa kuwa shina na kiti hupimwa pamoja, na badiliko la kimoja wakati mwingine huvuta badiliko la kingine.

Mgawanyo wa kwanza, na ulio muhimu kuliko yote kwa magari ya Matchbox ya miaka ya 1950, ni wa vichwa. Mfululizo wa 1–75 ulipoanza mwaka 1953, magurudumu yalikuwa ya chuma, yaani ya zinki, na ncha za ekseli zilibanwa. Kubana ni kuminya ncha ya kijiti kutoka pande mbili hadi ilale bapa na kutokeza masikio mawili yaliyo mapana kuliko tundu la gurudumu. Ncha iliyobanwa hutambulika hata kwa kupapasa: ni nyembamba upande mmoja, pana upande mwingine, na kingo zake hukwaruza kidole. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Lesney walihamia kwenye kichwa cha ribiti, ambacho ncha yake hugongwa kwa mkabala ikatandazika pande zote na kuwa kama kofia ndogo ya mviringo. Tofauti ya utendaji ni dhahiri. Masikio mawili hugusa gurudumu mahali pawili tu, ilhali kofia huligusa duara zima, na gurudumu hukaa wima zaidi. Kwa plastiki, iliyo laini kuliko zinki, hilo si jambo dogo.

Badiliko la vichwa lilikaribiana na badiliko la magurudumu, kutoka chuma kwenda plastiki ya kijivu, kisha ya rangi ya fedha na nyeusi. Hapa ndipo wakusanyaji wengi hukosea, wakidhani yote mawili yalitokea siku moja. Kiwanda hakitupi akiba. Magurudumu ya chuma yaliyosalia ghalani yalifungwa kwa ekseli mpya, na ekseli za kubanwa zilifungwa kwenye magurudumu mapya ya kijivu. Hivyo gari moja laweza kupatikana katika miungano minne: chuma na ncha ya kubanwa, chuma na ribiti, kijivu na ncha ya kubanwa, kijivu na ribiti. Si kila gari lina miungano yote, na ule uliodumu muda mfupi ndio unaosakwa zaidi.

Mgawanyo wa pili ni wa unene. Dinky Toys za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina ekseli nyembamba, kipenyo cha milimita 1.6 hivi, za baada ya vita ni nene, karibu milimita 2. Kipimo hiki kina thamani kubwa kwa sababu Meccano walizirudisha sokoni kalibu kadhaa za zamani vita vilipokwisha, yakiwemo magari ya Kimarekani ya mfululizo wa 39, kama Packard na Studebaker, yaliyokuwa yametoka kwa mara ya kwanza mwaka 1939. Bodi zikifanana, unene wa shina hutoa jibu, likithibitishwa na vitovu vya magurudumu: vya kabla ya vita ni laini, vya baadaye vina ukingo ulioinuka.

Lesney walikwenda kinyume, kutoka unene kwenda wembamba. Sababu ilikuwa Hot Wheels. Msuguano kati ya gurudumu na shina huzuia mzunguko zaidi kadiri shina linavyokuwa nene, kwa kuwa nguvu ya kuzuia huwa mbali zaidi na kitovu. Waya mwembamba hupunguza umbali huo, na magari ya Mattel yalikimbia kwenye reli za plastiki kwa kasi ambayo magari ya Uingereza hayakuwa yameifikia. Mwaka 1969 Lesney walijibu kwa mfululizo wa Superfast, wenye waya mwembamba na magurudumu mepesi. Magari kadhaa yalihamishwa yakiwa na bodi zao zile zile: Volkswagen 1500 namba 15 na Ford GT namba 41 ni miongoni mwa yale yanayopatikana kwa ekseli nene na kwa ekseli nyembamba. Jozi kama hizo ndizo kielelezo bora cha somo hili zima.

Mgawanyo wa tatu ni wa kiti na mwendo. Ekseli thabiti huzunguka katika tundu bila kupanda wala kushuka. Ekseli ya springi hupanda na kushuka. Corgi waliileta mwaka 1959. Ekseli-springi ni aina ya pekee: katika Hot Wheels za mwanzo waya wenyewe ulikunjwa ukawa ekseli na springi kwa pamoja, na ndani ya gurudumu mkawekwa bushi ndogo ya plastiki. Ulikuwa ufundi mzuri lakini wa gharama, na kuanzia karibu 1970 Mattel walianza kuhamia kwenye waya ulionyooka. Ekseli ya kugeuka hupinda gari likibonyezwa upande mmoja, kama ilivyokuwa kwenye Mercury Cougar ya Matchbox. Mwisho ni ekseli zinazoachia magurudumu: mwaka 1968 Corgi walitoa magari yenye jeki za rangi ya dhahabu, kama Rover 2000 TC, ambayo magurudumu yake hutolewa na kurudishwa.

Urefu hauhitaji maelezo marefu. Hufuata upana wa gari na wa magurudumu, na malori yenye magurudumu pacha nyuma huhitaji shina refu zaidi.

Matumizi makuu ya maarifa haya ni kukadiria umri na kutambua ughushi. Gurudumu la kawaida haliwezi kubadilishwa bila kuharibu kichwa kimoja cha ekseli, na kichwa kilichokatwa kwa tupa hakirudi kilivyokuwa. Dalili ni kichwa king'avu kando ya kichwa kilichofifia, mikwaruzo kwenye uso wa gurudumu, gundi chini ya kofia, au ribiti upande mmoja na ncha ya kubanwa upande wa pili bila maelezo. Kutu, kwa upande wake, si kasoro ya kuhofiwa sana: feleji ya zamani hushika kutu, na kutu iliyosambaa sawasawa kwenye ekseli zote mbili ni ushahidi mzuri kwamba hazijaguswa.

Gari la Matchbox lenye magurudumu ya chuma na ncha za kubanwa, na lile lile lenye ribiti, ni matoleo mawili, na katalogi makini huyaandika katika mistari miwili.