Vito vya Dhahabu: Kujua Karati, Kupima na Kutunza (Juru na Mbarara)

Anayekimbia vita habebi nyumba wala ng'ombe, bali bangili hubebeka. Ndiyo maana katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, yaliyopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kidani cha mama kinaweza kuwa ndiyo akiba yote ya familia. Siku ya kukiuza, mtu wa kanda ya Juru hupatana na mnunuzi papo hapo au hupanda gari hadi kwa sonara wa Mbarara. Kote huko bei hutokana na mambo mawili, uzito na karati, na hasara nyingi huanzia pale mnunuzi anapotaja bei moja ya jumla bila kuyatenganisha.

Karati ni sehemu za dhahabu katika sehemu 24. Zilizobaki ni shaba, fedha au madini mengine yanayotiwa ili pete isipinde. Karati 22 hugongwa chapa 916, karati 21 ni 875, karati 18 ni 750, karati 14 ni 585 na karati 9 ni 375. Vito vya Dubai na Ghuba kwa kawaida ni vya karati 21 au 22, wakati vya Ulaya mara nyingi ni 18 au chini yake. Dhahabu nyekundu si lazima iwe bora, kwani wekundu huletwa na shaba.

Fanya hesabu mwenyewe kabla ya kuingia dukani. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, ambayo kwa dhahabu ni gramu 31.1. Mwaka 2005 wakia ilikuwa chini ya dola 550. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Tuchukue 4,000 kwa mfano: gramu ya dhahabu safi ni kama dola 128.6, ya karati 21 ni dola 112.5, ya karati 18 ni dola 96.5. Kwa mkufu wa gramu 30, kuitwa 18 badala ya 21 ni kupoteza karibu dola 480. Sonara atakata faida yake na gharama ya kuyeyusha, hiyo ni haki yake, lakini akate kutoka kwenye hesabu unayoiona. Ufundi uliolipia wakati wa kununua haurudi. Mawe nayo hayapimwi kama dhahabu.

Chapa peke yake isikuridhishe, maana hata shaba hugongwa 916. Sumaku hukamata chuma. Shaba na risasi hazivutwi. Sonara husugua kito kwenye jiwe jeusi na kudondoshea tindikali, kisha hulinganisha mstari wake na mstari wa karati inayojulikana. Mwombe afanye mbele yako, na kwa kitu kizito akwangue kidogo kwanza, kwa sababu kilichochovywa hung'aa juu tu.

Kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe ni cha maji. Weka bilauri ya maji juu ya mizani ndogo ya gramu, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza mkufu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Gawa uzito wa kawaida kwa namba inayoonekana. Mkufu wa gramu 20 wa karati 22 utaonyesha kama 1.1, na jibu ni kati ya 17 na 18. Wa shaba ya manjano utaonyesha zaidi ya 2.3, na jibu ni 8 na kitu. Kipimo hiki hakifai kwa bangili yenye uwazi ndani wala kito chenye mawe.

Kwa madereva: haya yote yanahusu vito vilivyokwisha kutengenezwa. Vumbi la dhahabu na dhahabu ghafi hutaka leseni na hati za asili yake. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliziwekea vikwazo kampuni mbili za Kampala, Uganda Commercial Impex na Machanga, kwa kununua dhahabu iliyohusishwa na vikundi vyenye silaha huko Ituri. Ukipewa "kifurushi kidogo tu" Bunagana, kikikamatwa wewe ndiye utakayeulizwa.

Kutunza si kazi kubwa. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini vyatosha. Majivu na mchanga hukwangua. Vua pete unapofulia kwa jiki. Kubwa zaidi ni mikorogo ya kung'arisha ngozi: mingine ina zebaki, nayo hushika dhahabu ikawa nyeupe na dhaifu. Pete ya namna hiyo usiichome kwenye jiko la nyumbani, moshi wa zebaki ni sumu. Mpelekee sonara na umweleze. Mkufu ukikatika, mwambie aunge kwa dhahabu, wala asikubali mtu kuunga kwa risasi, maana ukipashwa moto tena risasi hula dhahabu na kuitoboa. Na risiti iandikwe gramu na karati, kila moja kwa mstari wake.